Picha ya Ubavuni

Watu wa Unguja waliomjua Simai Pandu walimjua kwa sauti. Sura yake hawakuipata. Mgonjwa akilazwa juu ya meza ya eksirei hutazama dari, na mpiga picha hujibanza nyuma ya ubao wa risasi unaozuia miale, kwa hiyo kinachomfikia mgonjwa ni maneno tu: "Vuta pumzi. Izuie. Usitikisike. Haya, pumua." Miaka ishirini Simai aliyasema maneno hayo kutwa mara thelathini. Ikawa akinunua muhogo sokoni Darajani mtu asiyemjua humgeukia ghafla na kumuuliza, "Nshakusikia wapi mie weye?" Simai hucheka kidogo akaondoka na muhogo wake. Hakuwa mtu wa kukaa barazani.

Alizaliwa Matemwe, akaja mjini kijana, akapata kazi ya kufagia hospitali. Aliyemtoa kwenye ufagio akamtia kwenye chumba cha giza ni Bwana Gulamabbas, Mhindi mmoja mwembamba mwenye kikohozi, mtu wa kuudhi kweli kweli linapofika suala la kazi. Gulamabbas hakuwa akikubali kutoa picha moja. Kila mgonjwa alimpiga ya mbele, kisha akamgeuza akampiga na ya ubavuni, hata kama nje watu wanagombana kwa foleni.

"Ya mbele inakwambia kitu kipo," alikuwa akimwambia Simai. "Ya ubavuni inakwambia kiko wapi. Mtu ana unene, Simai. Karatasi haina."

Ikaja Januari ya sitini na nne na Mapinduzi yake. Siku kumi na mbili wawili hao hawakutoka katika chumba kile. Walikula humo, wakalala kwa zamu chini ya meza, na walioletwa na waliowaleta hakuna aliyeulizwa jina. Katika siku hizo hizo mamaake Simai akafariki Matemwe. Habari ilipomfikia alikuwa keshazikwa, na alipofika kwao khitma ishasomwa na majamvi yashakunjwa. Dada yake mkubwa, Mwatima, alimtazama kutoka mlangoni akamwambia neno moja tu, "Umechelewa." Simai hakujieleza. Aliyoyaona siku zile hakuwa na mdomo wa kuyasema, akaona heri aonekane mbaya. Alirudi mjini siku ile ile, na tangu hapo hakutia tena mguu Matemwe.

Mwisho wa mwaka ule Bi Khatun, mkewe Gulamabbas, alifunga mizigo ya kwenda Karachi, na Gulamabbas akafungwa pamoja na mizigo. Aliacha aproni yake ya risasi imetundikwa msumarini. Tabia, mkewe Simai, alikuwa keshaondoka zamani. Walikaa miaka minane bila mtoto, majirani wakamjaza maneno kwamba mashine ile inawakausha wanaume, naye akayaamini. Simai akabaki na chumba kimoja juu ghorofani Kiponda, katika nyumba ya vyumba tisa ambavyo sita vilikuwa vimefungwa makufuli na wenyewe hawapo. Jioni alichemsha chai ya rangi, akanywa, akasuuza kikombe kimoja.

Baadaye filamu zikawa adimu, ikatoka amri: mgonjwa mmoja, picha moja. Mwezi wa kwanza Simai alinung'unika. Wa pili akazoea. Wa tatu, tuseme kweli, akaona raha, maana foleni ilikuwa ikimalizika kabla ya adhuhuri. Picha za ubavuni zikasahaulika kama Gulamabbas mwenyewe.

Mwaka wa sabini na moja ndipo mwili wake ulipoanza kumfanyia vituko. Alikuwa akienda chooni, akisimama mbele ya ukuta, akingoja, na haja haiji. Ikija, inakuja matone, na hajafika chumbani inamwita tena. Katika foleni ya mchele alipoteza nafasi yake mara tatu asubuhi moja. Mama mmoja nyuma yake akamtania, "Mzee, unatoka unarudi, kwani kuna harusi huko?" Watu wakacheka, naye akacheka nao, akarudi nyumbani bila mchele. Alikaa na jambo lile miezi minne. Hakuwa na wa kumwambia, na hata angekuwa naye, si jambo ambalo mwanamume wa makamo analisema.

Mwishowe alikwenda kwa Dokta Abrahman. Huyu alikuwa kijana wa Vuga, mtoto wa mjini hasa, aliyesomea udaktari Ulaya miaka minane akarudi na vitabu makasha mawili. Hakuwa daktari mbaya. Alimpima Simai kwa kidole, mahali ambapo mtu mzima hapendi kupimwa, akakunja uso.

"Tezi yako ya kiume imevimba, Ndugu Simai. Lakini si ngumu. Saratani nnayoijua mie huwa ngumu kama kokoto. Hii inabonyea." Akafikiri kidogo. "Tupige picha. Tukutie dawa ya mshipani, ishuke mpaka kwenye kibofu, tuone kimekaaje."

Kulikuwa na fomu ya kujaza. Daktari akauliza, Simai akajibu. Maradhi ya utotoni? Hakuna. Jamaa wa karibu?

"Andika hakuna," Simai alisema.

"'Hakuna' haiandikwi hapa. Naliacha wazi, utanambia."

Sasa, mtu anayepiga picha watu wote wa kisiwa hawezi kujipiga mwenyewe. Ilimbidi Simai atengeneze mitambo yote, aweke filamu mahali pake, kisha amwite Bi Shemsa, muuguzi wa wodi ya wanaume, amwonyeshe kitufe. Akapanda mezani. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini aliiona dari ile, akakuta ina doa kubwa la maji ya mvua ambalo hakuna mgonjwa aliyewahi kumtajia. Akangoja. Bi Shemsa alikuwa amesimama nyuma ya ubao kimya, kidole tayari, hajui kama kuna la kusemwa. Basi Simai akasema mwenyewe, kwa sauti ile ile ya kazini, "Vuta pumzi. Izuie. Usitikisike." Akavuta, akaizuia, akatulia.

Filamu aliisafisha kwa mkono wake. Katika mwanga mwekundu wa chumba cha giza aliiinua ingali inachuruzika maji. Kibofu kilionekana cheupe kwa ile dawa, lakini kimesukumwa juu na kushoto, kama mtu aliyebanwa kwenye benchi na mwenziwe mnene. Kilichokisukuma kilikuwa kitu cha mviringo, kingo zake laini. Hilo halikumtisha sana. Kilichomtisha ni madoa mawili meupe pe, moja kwenye mfupa wa nyonga ya kulia, moja ya kushoto.

Madoa yale alikuwa anayajua. Mwaka wa sitini na tisa aliyaona mahali pale pale katika picha ya Jecha Mmanga, mvuvi wa Fumba, na aliyofanyiwa Jecha alikuwa anayajua pia. Simai akaitundika filamu ikauke, akakaa juu ya ndoo. Aliogopa. Aliogopa hasa, na hapakuwa na mtu upande wa pili wa mlango wa kumwambia pumua.

Dokta Abrahman aliitazama picha mbele ya taa kwa muda mrefu.

"Kidole kilinidanganya," alisema. "Hii ishafika mifupani. Saratani ya tezi ya kiume hupenda mifupa ya nyonga, na humo huonekana nyeupe kama hivi. Mwenyewe unaziona kila siku." Akavuta kiti karibu. "Dawa yake ni moja. Inakula kile kinachotoka katika makende ya mtu, basi makende tunayatoa. Ikikosa chakula inanywea."

"Kuhasiwa," Simai alisema.

"Ni operesheni ndogo. Mtazame Jecha wa Fumba. Nilimpa miezi sita. Huu mwaka wa pili, yu hai, na ananenepa."

Simai alimjua Jecha kwa upande ambao daktari hakuusoma. Mwanapili, mkewe Jecha, alikuwa amerudi kwao kabla mshono haujapona. Watu wa Fumba walimwita Jecha kwa jina la ng'ombe wa gari aliyehasiwa, na si kwa siri. Lakini yu hai, na mtu aliyehukumiwa kufa akiambiwa fulani yu hai hana la kujibu.

"Nnataka saini ya jamaa," daktari alisema. "Bila hiyo sikati."

Kwa hiyo Ijumaa, baada ya sala, Simai alipanda gari la Matemwe, fomu mfukoni na filamu ndani ya bahasha kubwa ya kaki. Mwenyewe hakujua kwa nini ameichukua filamu. Labda alitaka kuwa na kitu mkononi.

Mwatima alikuwa amekaa uani anasuka ukili wa mkeka. Amezeeka, nywele za mbele zimekuwa nyeupe, lakini vidole vilikuwa vinakwenda upesi vile vile. Hakuinua uso.

"Shikamoo, dada."

Vidole vikasimama. "Marahaba. Kumbe njia unaijua."

Akampisha kwenye jamvi. Akamletea maji. Simai alikuwa amejitayarisha kwa maneno mengi njiani, na yote yakapotea. Akasema moja kwa moja kwamba ni mgonjwa, kwamba ni ugonjwa wa kiume, kwamba umeshaingia mifupani, na kwamba daktari anataka kumhasi na inatakiwa saini au dole gumba la jamaa. Jamaa mwengine hana. Mwatima alisikiliza mpaka mwisho.

"Mfupa gani?"

Simai akaona haya kumwonyesha dadaake makalio, akaitoa filamu akaiinua kuelekea mwanga wa jua. "Huu wa nyonga. Hapa na hapa, haya meupe." Kisha akajigusa mwenyewe, kulia na kushoto, juu ya kanzu.

Mwatima hakuitazama filamu. Alitazama mkono.

"Hapo ndipo ulipodungwa," alisema.

"Nilidungwa nini?"

"Sindano za buba."

"Mie sijaugua buba."

"Umeugua, Simai. Vidonda mpaka nyayoni, ulikuwa unatembea kwa visigino kama bata. Ulikuwa na miaka mitano, sita. Akaja bwana wa serikali na gari, akatupanga mbele ya msikiti, na mie ndiye niliyekukamata miguu. Wiki hii upande huu, wiki ya pili upande ule, mpaka ukapoa. Mama akatukataza kukutajia. Alisema ukikua utachekwa, na utanyimwa mke." Akaokota tena ukili, asisuke. "Vilikufanya vijiwe pale. Jibonyeze, vimo mpaka leo."

Simai alijibonyeza. Vilikuwemo. Vijiwe viwili vidogo ndani kabisa ya nyama, alivyoishi navyo maisha yake yote akidhani ndivyo makalio ya kila mtu yalivyo.

Dawa ya buba ya zamani ilikuwa na madini ndani yake. Hilo alilijua, Gulamabbas alipata kumwambia siku moja, katika maneno mengi ya Gulamabbas. Na madini hayapenywi na eksirei. Yeye Simai ndiye aliyekuwa akiwapigia kelele watu kila siku ya Mungu watoe funguo, watoe sarafu, wafungue hirizi kiunoni, zisije zikatoa doa jeupe katika picha. Akatazama filamu tena. Doa lipo. Lakini liko wapi, ndani ya mfupa au nyuma yake katika nyama? Karatasi ile haikuwa na unene wa kumwambia.

"Fomu yako irudishe," Mwatima alisema. "Siweki dole langu mtu akahasiwa kwa sindano ya buba. Kaangalie kwanza."

Simai akaikunja fomu. Alitaka kuondoka, akashindwa kuinuka. "Dada, siku zile za mama, mie nilikuwa..."

"Najua ulikuwa wapi. Kuna mtu wa hapa aliletwa kwenu na risasi ya paja. Aliporudi alisema, 'Nimemsikia Simai wenu, sauti imemkauka, hatoki mle.' Yapata miaka saba sasa nnajua."

"Na hukuniita?"

"Nilikuwa nakungoja uje useme mwenyewe."

Hapo Simai alilia, mtu mzima na mvi zake, na Mwatima akamwacha alie, akaendelea kusuka. Miaka saba kila mmoja alikaa kwake akimngoja mwenziwe. Jumla ya safari yenyewe ni mwendo wa asubuhi moja kwa gari.

Jumatatu alfajiri, kabla daktari hajafika, Simai alichukua filamu ya pili bila kibali cha mtu. Alimwita Bi Shemsa. Akapanda mezani, akalala kwa ubavu.

"Bi Shemsa, yaseme wewe maneno."

"Maneno gani?"

"Ya kuvuta pumzi."

Bi Shemsa akayasema, kwa haya kidogo, kama mtu anayesomea darasani. Simai akavuta pumzi.

Katika chumba cha giza picha ilijitokeza polepole kama zinavyojitokeza zote. Mfupa wa nyonga ukatoka kwanza, safi, hauna hata doa. Na nyuma yake, mbali, ndani ya nyama ya makalio, vikaja vijiwe viwili vyeupe vya buba. Akauma kitambaa asipige kelele.

Dokta Abrahman alizishika picha mbili, moja kila mkono. Akazisogeza kwenye taa, ya mbele, kisha ya ubavuni.

"Buba lenyewe likoje?" aliuliza hatimaye, kwa sauti ya chini. "Mie sijapata kuliona. Tulipopata akili sie wa mjini, lilikuwa limekomeshwa na sindano za siku hizi." Akaweka kidole juu ya ule mviringo uliosukuma kibofu. "Basi kidole hakikudanganya. Nadhani huu ni ufuko wa maji, umeota kwenye tezi. Hauna ubaya. Ni nadra sana, kitabuni mwangu umeandikwa mstari mmoja tu, na sikudhani nitauona."

Mwatima akaja mjini kuweka dole gumba, kwa operesheni nyengine hii. Alikaa siku tano kando ya kitanda na bakuli la uji, akarudi kwake kwa sababu ya kuku. Ulitoka ufuko kama yai la bata, umejaa maji. Kipande chake kilipelekwa Bara kutazamwa, majibu yakarudi: si saratani. Simai alikwenda tena kusimama mbele ya ukuta, na haja ikamtoka kama mtoto wa skuli. Watu wa hospitali wakampa mkono wa heri.

Siku ya kwanza kurudi kazini aliingia chumba cha picha, akavua koti, akalitundika karibu na aproni ya Gulamabbas. Kabla hajamwita mgonjwa wa kwanza alikwenda kwenye kabati la picha za zamani. Hakuhitaji kutafuta sana. Akaitoa bahasha ya Jecha Mmanga, Fumba, akaiweka filamu mbele ya taa.

Madoa mawili, kulia na kushoto, kingo zake kali kama matone ya chokaa. Akaifungua bahasha tena, akaipanua, akatia mkono mpaka chini. Picha ya ubavuni haikuwemo. Alijua haimo, maana ambaye hakuipiga ni yeye.

Alimpelekea Dokta Abrahman. Daktari aliitazama, akaivua miwani yake, akaifuta, akaivaa.

"Usiende Fumba," alisema. "Utamwambia nini?"

Simai akairudisha filamu katika bahasha. Siku tatu alilitafuta jibu la swali lile chumbani kwake Kiponda, akisuuza kikombe kimoja, na hakulipata. Ya nne akaenda.

Jecha alikuwa peke yake nyumbani, anatengeneza dema, mtego wa samaki, ambalo hakuwa na nia ya kulitumia. Amenenepa kweli, mashavu laini bila ndevu. Simai akapiga hodi.

"Karibu," Jecha alisema, kisha akainua uso haraka. "Sauti hiyo naijua. Wewe ndiye wa vuta pumzi."

"Naam. Ndiye mie."

Akakaribishwa mkeka. Wakaulizana hali, wakamaliza. Bahasha ilikuwa mapajani mwa Simai.

"Jecha, nina swali moja," alisema. "Utotoni ulipata kuugua buba?"

Jecha aliutazama mlango kuona kama yupo anayesikia, ingawa hakuna aliyekuwa akiingia nyumba ile. Kisha akamsogelea, akashusha sauti.

"Nani kakwambia?"